Kuchagua Taaluma ya Uhandisi Tiba: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

Katika miaka yangu ya mwanzo kazini niliitwa wodini kuangalia monita ya mgonjwa ambayo, kwa maelezo niliyopewa, kengele yake ilikuwa haisikiki. Nilikwenda na begi la vifaa nikiwa nimejiandaa kubadilisha spika, nikakuta spika ni nzima ila matundu yake yamezibwa kwa tabaka mbili za plasta nyeupe, ileile inayoshikilia sindano ya dripu. Muuguzi wa zamu hakuficha kitu. Mgonjwa aliyelala hapo alikuwa mtu mwenye mapigo ya kawaida ya 52 kwa dakika, na mashine ilikuwa imepangwa kulia kila mapigo yanaposhuka chini ya 60, kwa hiyo ilikuwa imelia usiku kucha bila sababu. Tulibandua plasta, daktari akaidhinisha kikomo kipya kwa mgonjwa huyo, na kazi ikaisha bila bisibisi kutoka begini.

Anayefikiria kuingia katika uhandisi tiba angefanya vyema kujiuliza kwanza kama kazi ya namna hiyo inampendeza au inamvunja moyo. Picha waliyonayo wengi ni ya maabara, mikono ya roboti na viungo bandia, na hivyo vyote vipo kweli. Lakini sehemu kubwa ya taaluma hii ni kusimama kati ya mashine, mwili wa mtu na mtumiaji aliyechoka, na kutafuta ni wapi hawa watatu hawaelewani. Mwongozo huu unamlenga mwanafunzi anayekaribia kuchagua masomo, pamoja na mhandisi wa umeme, mitambo au kompyuta anayetaka kuhamia upande huu. Unashikilia shauri moja: usichague jina la shahada, bali chagua sehemu ya maisha ya kifaa ambayo uko tayari kuishughulikia kila siku, kisha urudi nyuma kutafuta masomo yatakayokufikisha hapo.

Hatua ya kwanza: fuata maisha ya kifaa kimoja tangu wazo hadi jalalani

Tuchukue kipima oksijeni, kile kidude kinachobana kidole. Ndani yake mna taa mbili ndogo, moja ya mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 660 hivi, na nyingine ya mwanga wa infraredi usioonekana, wa nanomita 940 hivi. Damu iliyobeba oksijeni na ile isiyoibeba hufyonza mianga hiyo miwili kwa viwango tofauti, na kwa kulinganisha kiasi kinachovuka kidole kila damu inapodunda, kifaa hukadiria asilimia ya oksijeni. Mhandisi wa Japani, Takuo Aoyagi, aligundua njia hii mwanzoni mwa miaka ya 1970 alipokuwa akipima jambo jingine kabisa, yaani kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo, na mdundo wa mishipa ukawa unamharibia vipimo. Badala ya kuufuta mdundo huo, aliona kwamba ndani yake mna habari ya oksijeni. Huyo ni mhandisi katika hatua ya utafiti: mtu anayeweza kukaa miezi na vipimo vibovu bila kuvichukia.

Baada ya wazo huja usanifu. Hapo kuna anayechagua taa na betri, anayeandika programu ya kutenganisha mdundo na mtikisiko wa mkono, na anayehangaika na umbo la kibanio ili kisiumize kidole cha mtoto. Hii ni kazi ya timu, yenye ratiba, michoro na mikutano mingi, na mtu anayependa kumaliza kitu peke yake huchoka haraka.

Kisha huja majaribio, na hapa ndipo taaluma hii inapotofautiana na uhandisi mwingine, kwa sababu kinachopimwa si chuma bali watu, na watu hawafanani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu wagonjwa wa Marekani ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni uliothibitishwa kwa kipimo cha damu ulikuwa ukikosa kuonekana kwenye vipima oksijeni kwa wagonjwa Weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa Wazungu. Rangi ya ngozi nayo hufyonza mwanga, na kifaa kilichorekebishwa kwa watu wa aina moja humpa mwingine namba inayotuliza wakati hali yake ni ya hatari. Anayependa takwimu, na anayependa kuuliza "mlimpima nani?", atapata kazi ya maisha katika hatua hii.

Baada ya majaribio kuna wataalamu wa kanuni, ambao huandaa mafaili ya kuthibitisha kwamba kifaa ni salama ili kiruhusiwe kuuzwa. Ni kazi ya kusoma na kuandika kwa uangalifu, na wanafunzi wengi huidharau kwa kuwa hawajaiona. Binafsi naiona kuwa mojawapo ya milango iliyo wazi zaidi kwa mhandisi anayeandika vizuri. Upande wa pili wa idhini hiyo wapo wahandisi wa hospitali, wanaochagua kifaa cha kununua, kukifunga, kukipima, kukitengeneza na mwishowe kukiondoa. Pamoja nao wapo wahandisi wa kampuni wanaozunguka kufundisha watumiaji na kurekebisha mashine zilizoshindikana.

Chukua karatasi na uandike hatua hizo zote kwa kifaa kingine unachokijua, iwe mashine ya kusafisha damu, betri ya moyo (kifaa cha umeme kinachousaidia moyo kudunda kwa mpangilio), au mguu bandia. Karibu na kila hatua andika nani anaifanya, anakaa wapi kutwa nzima, na anamjibu nani mambo yakiharibika. Safu hiyo ya tatu ndiyo itakayokufunulia mengi, kwani wapo wanaofurahia kuulizwa na mgonjwa na wapo wanaotaka kuulizwa na msimamizi wa mradi tu.

Hatua ya pili: jipime kabla ya kuomba chuo

Ushauri wa kawaida ni kwamba anayefaa ni yule anayeweza hisabati, fizikia na biolojia. Ni kweli, lakini hautoshi, kwa sababu mtu anaweza kufaulu yote matatu na bado asipende kazi yenyewe. Napendekeza majaribio matatu, ambayo mawili ya kwanza hayahitaji ruhusa ya mtu.

La kwanza ni la kompyuta. Hazina ya data iitwayo PhysioNet hutoa bure rekodi za miili ya watu halisi, zikiwa zimeondolewa majina. Mojawapo ni mkusanyiko wa MIT-BIH wenye rekodi 48 za umeme wa moyo, kila moja ya nusu saa, na kila pigo likiwa limewekewa alama na wataalamu. Pakua rekodi moja na ujaribu kuandika programu fupi ya kuhesabu mapigo. Mara ya kwanza utaweka kikomo tu: kila wimbi likipita urefu fulani, hesabu pigo. Itafanya kazi kwa dakika chache, kisha mgonjwa atajigeuza, mstari mzima utapanda juu, na programu yako itahesabu mapigo ambayo hayakuwepo. Utarekebisha, kisha pigo lisilo la kawaida litatokea na kukuponyoka. Ukimaliza, linganisha hesabu yako na alama za wataalamu. Iwapo saa tatu zimepita bila wewe kujua, hiyo ni dalili njema kuliko cheti chochote. Kumbuka kwamba unachokishughulikia ni umeme wa takriban milivolti moja tu juu ya ngozi, unaoelea katikati ya kelele ya nyaya za ukutani zenye hezi 50 au 60, na kwamba kuitenga sauti ndogo kutoka katika kelele kubwa ni nusu ya elektroniki yote ya tiba.

La pili ni la mikono. Tafuta kifaa kilichokufa kinachotumia betri ndogo, kama kipimajoto cha dijitali au mashine ya kupima presha ya nyumbani, ukifungue na uchore kilichomo: pampu iko wapi, vali iko wapi, kihisio cha mgandamizo kimeunganishwa na nini. Usifungue kitu chochote kinachochomekwa ukutani, wala usiguse kamwe mashine ya kushtua moyo, kwa kuwa kapasita zake zinaweza kuhifadhi nguvu ya kuua hata zikiwa zimezimwa. Vilevile usijiunganishie mwilini saketi uliyoiunda mwenyewe ikiwa imechomekwa kwenye umeme wa nyumba, hata kupitia chaja ya kompyuta.

La tatu ni kuomba kukaa siku mbili na idara ya vifaa tiba ya hospitali yoyote itakayokukubali. Usiende kuuliza maswali mengi. Nenda kubeba begi na kutazama. Hesabu ni mara ngapi tatizo lilikuwa la mashine, mara ngapi lilikuwa la umeme wa jengo, na mara ngapi lilikuwa la mtu kutofundishwa. Kuogopa damu si kikwazo, kwani wahandisi wengi hawaioni mara kwa mara. Kikwazo ni kukosa subira na mtu anayekuambia "imeharibika tu" na hana neno jingine la kuongeza.

Hatua ya tatu: chagua uti wa mgongo wa masomo yako

Hatari kubwa ya shahada ya uhandisi tiba ni upana wake. Mwanafunzi hugusa anatomia kidogo, saketi kidogo, mekanika kidogo, programu kidogo na kemia kidogo, na anapohitimu, mwajiri anayetafuta mtu wa saketi humchukua mhandisi wa umeme, na anayetafuta mtu wa programu humchukua mhandisi wa kompyuta. Kinga yake ni kuamua mapema, kufikia mwaka wa pili, ni somo lipi utalijua kwa kina kiasi cha kushindana na waliolisomea peke yake.

Njia kuu ni nne. Elektroniki huelekea kwenye monita, betri za moyo, vifaa vya kusikia na mitambo ya picha. Mekanika na sayansi ya maada huelekea kwenye nyonga za kupandikizwa, miguu bandia na vifaa vya upasuaji, ambako swali si tu kama chuma kitavunjika bali mwili utakifanyia nini baada ya miaka kumi na tano. Kemia na biolojia ya seli huelekea kwenye vipimo vya maabara, dawa zinazotolewa polepole, na tishu zinazokuzwa. Hapa jiandae kusoma hadi uzamili au uzamivu, kwa kuwa nafasi nyingi zimo katika utafiti. Njia ya nne ni programu, na ningependa kuikawilia kidogo.

Kati ya mwaka 1985 na 1987, mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25 iliwapiga wagonjwa sita huko Marekani na Kanada kwa kiasi cha mionzi kilichopita kiwango mno, na baadhi yao walikufa. Mashine zilizoitangulia zilikuwa na vizuizi halisi vya umeme na chuma vilivyozuia miale mikali kutoka bila kinga kuwa mahali pake. Katika toleo hilo kazi hiyo iliachiwa programu. Kosa mojawapo lilijitokeza pale tu mwendeshaji mzoefu aliposahihisha maandishi kwenye skrini kwa haraka, ndani ya sekunde chache, hivyo mwendeshaji mgeni mwenye kuandika polepole hakulikuta kamwe. Mashine ilionyesha ujumbe mfupi wa hitilafu usio na maelezo, na waendeshaji walikuwa wamezoea kuuruka kwa kubonyeza kitufe kimoja. Anayetaka kuandika programu za tiba na aisome habari hiyo yote kabla ya kujifunza lugha nyingine ya kompyuta, halafu arudi kwenye kisa cha plasta juu ya spika. Ni tatizo lilelile katika vazi jingine.

Kuwa na uti wa mgongo mmoja hakumaanishi kupuuza mengine. Tarehe 8 Oktoba 1958, nchini Uswidi, daktari wa upasuaji Åke Senning alimpandikizia Arne Larsson betri ya kwanza ya moyo kuwekwa ndani ya mwili, iliyoundwa na Rune Elmqvist kwa kumimina epoksi, aina ya plastiki inayoganda, juu ya saketi ndani ya kopo la dawa ya viatu. Ilidumu saa chache tu. Larsson alibadilishiwa nyingine zaidi ya 20 na akaishi hadi mwaka 2001. Elmqvist alikuwa amesomea udaktari kabla ya kufanya kazi ya uhandisi, na pengine ndiyo maana yeye na Senning waliweza kuelewana kwa haraka iliyohitajika. Huhitaji shahada mbili, lakini fiziolojia isome kwa makini sawa na yule anayejiandaa kutibu.

Hatua ya nne: chagua ngazi na chuo

Ngazi ya stashahada humtoa fundi sanifu, na kwa anayetaka kutengeneza na kupima vifaa hospitalini ndiyo njia fupi na yenye heshima yake. Mafundi sanifu wazuri huwa adimu kuliko wahandisi. Shahada ya kwanza, ambayo kwa kawaida huchukua miaka minne, hufungua milango ya usanifu, usimamizi na kanuni. Aliye na shahada ya umeme, mitambo au kompyuta hana haja ya kuanza upya, kwa kuwa uzamili wa uhandisi tiba humtosha, mradi ajazie pengo la fiziolojia mapema.

Unapolinganisha vyuo, usitazame kipeperushi. Uliza kwanza kama shahada hiyo ina ithibati ya chombo kinachosajili wahandisi, kwa sababu kuna shahada zenye jina hili zilizowekwa chini ya kitivo cha sayansi ambazo hazimruhusu mhitimu kusajiliwa kama mhandisi. Ukifikiria kufanya kazi nchi nyingine, angalia kama chombo hicho kimo katika Mkataba wa Washington wa mwaka 1989, ambao wanachama wake hutambuliana ithibati za shahada za uhandisi. Kisha uliza maswali ya karibu zaidi: maabara ina vifaa vya tiba vinavyofanya kazi au vilivyotolewa hospitalini vikiwa vibovu? Mafunzo kwa vitendo hospitalini ni ya wiki ngapi, na nani hutia saini? Nani kati ya walimu amewahi kusanifu au kutengeneza kifaa kilichotumika kwa mgonjwa? Tafuta wahitimu watatu wa miaka mitano iliyopita na uwaulize wanafanya nini sasa. Majibu yao yana uzito kuliko nafasi ya chuo katika orodha yoyote.

Hatua ya tano: ingia hospitalini ungali mwanafunzi

Usingoje mwaka wa mwisho. Omba likizo yako ya kwanza ukae na watu wa matengenezo kinga, wale wanaopita wodi hadi wodi wakikagua kabla kitu hakijaharibika. Mfano mmoja unatosha. Mashine ya kuzalisha oksijeni huvuta hewa ya kawaida, yenye oksijeni ya asilimia 21 hivi, na kuisukuma kupitia chembe za zeolaiti ambazo hunasa nitrojeni, ili hewa inayotoka iwe na oksijeni ya zaidi ya asilimia 90. Kwa nje, mashine yenye kichujio kilichojaa vumbi au zeolaiti iliyolowa unyevu huendelea kunguruma na kupuliza kama kawaida. Kinachopungua ni kiwango cha oksijeni, na pua haiwezi kukitambua. Fundi huchomeka kipimo kwenye bomba, anasubiri mashine ipate moto, na anasoma namba. Ukishaiona asilimia 70 ikijitokeza kwenye mashine ambayo kila mtu aliiamini asubuhi hiyo, hutauliza tena kwa nini vipimo hufanywa kwenye mashine "nzima".

Hatua ya sita: jifunze lugha ya viwango kabla hujaajiriwa

Wahitimu wengi huingia kwenye usaili wakijua milinganyo na wasijue kiwango hata kimoja, yaani waraka rasmi wa masharti unaotolewa na mashirika ya kimataifa kama IEC na ISO. Soma walau utangulizi wa vinne: IEC 60601 kuhusu usalama wa vifaa tiba vya umeme, ISO 14971 kuhusu kutathmini hatari, ISO 13485 kuhusu mfumo wa ubora wa kiwanda, na IEC 62304 kuhusu programu za vifaa tiba. Usivikariri; tafuta sababu iliyo nyuma ya kila sharti. Kwa mfano, kiwango cha usalama wa umeme huruhusu kifaa kinachogusa moyo moja kwa moja kivujishe kwa mgonjwa mkondo usiozidi mikroampea 10 katika hali ya kawaida. Ni mkondo ambao kidole hakiwezi kuuhisi, lakini ngozi ndiyo inayotulinda, na mgonjwa mwenye waya uliofika ndani ya moyo hana tena kinga hiyo. Ukiielewa sababu, namba haikutoki.

Jua pia kwamba karibu kila mfumo wa udhibiti hupanga vifaa kwa madaraja ya hatari, kuanzia bandeji hadi betri ya moyo, na kwamba daraja la kifaa ndilo huamua gharama na muda wa kukifikisha sokoni. Mwanafunzi anayeweza kueleza mradi wake wa mwisho uko daraja lipi na kwa nini, tayari anaongea kama mtu wa kazini.

Hatua ya saba: chagua kazi ya kwanza kwa macho

Kazi ya kwanza si lazima iwe ile uliyoiota. Miaka miwili ya matengenezo hospitalini humfanya msanifu bora, kwa kuwa atakuwa ameona skrubu zisizofikika na betri zisizobadilishika. Safari ya kinyume ni ngumu zaidi, kwani aliyeanza kiwandani huwa na mazoea na mshahara visivyomruhusu kurudi wodini. Mshahara uulize, bila haya, lakini uliza pia ni nani atakayekufundisha na kama una haki ya kusimamisha matumizi ya kifaa unachoamini ni hatari.

Na kama nafasi yenyewe ni ya hospitalini, omba kuonyeshwa karakana kabla hujakubali. Tazama rafu ya vifaa vinavyosubiri. Kama kila kimoja kina kibandiko chenye tarehe, wodi kilikotoka, tatizo lililoelezwa na jina la anayekishughulikia, umefika mahali pa kujifunzia. Kama ni lundo lisilo na maandishi, nawe bado unaipenda kazi hiyo, kubaliana nao siku hiyohiyo kwamba mwezi wako wa kwanza utautumia kuandika vibandiko.